Vijana warefu na ndoto ya urubani: Sheria haizuii, kiti ndicho huamua

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka, miongoni mwa vijana wa Afrika Mashariki wanaomaliza masomo ya sekondari wakiwa wamefaulu vizuri hisabati na fizikia, wapo wanaotamani kuwa marubani. Wachache kati yao, mbali ya swali la ada, hubeba swali jingine ambalo walimu wao wengi hawana jibu lake: Je, mtu mwenye urefu wa sentimita 195 au zaidi anaweza kuajiriwa kurusha ndege ya abiria?

Kwa watu wengi hilo ni suala la mzaha. Filamu ya vichekesho ya Marekani ya mwaka 1980, Airplane!, ilimweka mchezaji wa mpira wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar, mwenye urefu wa sentimita 218, katika kiti cha rubani msaidizi, na watazamaji wakacheka.

Kwa mzazi anayejiandaa kuuza kiwanja ili mwanawe asomee urubani, suala hilo si la kuchekesha hata kidogo.

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya rubani wa biashara wa ndege huhitaji saa 200 za kuruka, au saa 150 iwapo mwanafunzi amepitia kozi iliyoidhinishwa. Kila saa ina gharama ya mafuta, ya ndege na ya mkufunzi. Leseni ya juu zaidi, inayomruhusu mtu kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria, huhitaji saa 1,500.

Fedha hizo hutolewa mwanzoni mwa safari. Jibu la mwajiri, kwa upande mwingine, huja mwishoni, wakati kijana amekwishamaliza masomo na familia imekwishamaliza akiba. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo sababu suala la kimo linastahili kuangaliwa mapema na kwa makini.

Sheria inasemaje

Dhana iliyoenea mitaani ni kwamba ipo sheria inayowakataza watu warefu kuwa marubani wa abiria. Dhana hiyo si sahihi.

Viwango vya afya vya ICAO, ambavyo nchi wanachama zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda huvitumia kama msingi wa kanuni zao, vimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Rubani wa biashara hutakiwa kuwa na cheti cha afya cha daraja la kwanza. Daktari hupima macho, masikio, moyo, mapafu, mishipa ya fahamu na afya ya akili.

Katika viwango hivyo hakuna mstari unaotaja kimo cha chini wala cha juu. Kinachoangaliwa ni kama mwombaji ana ulemavu au maradhi yanayoweza kumzuia kufanya kazi yake kwa usalama.

Hata hivyo, kijana mrefu sana anaweza kujikuta akipimwa kwa uangalifu zaidi katika eneo moja. Ipo hali ya kurithi ijulikanayo kwa jina la Marfan, ambayo huwafanya baadhi ya watu kuwa warefu, wembamba na wenye mikono na miguu mirefu kupita kawaida. Hali hiyo huweza kudhoofisha mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, na pia kuathiri lenzi ya jicho.

Urefu peke yake si ugonjwa, na warefu walio wengi hawana hali hiyo. Lakini daktari akiona dalili zake, atataka vipimo vya moyo na macho kabla ya kutia saini. Anayetaka urubani hupata faida kujua hali yake kabla ya kulipa ada, si baada ya hapo.

Kipimo kilichofichika

Kama sheria ya leseni haitaji kimo, basi sentimita zinatoka wapi? Jibu limo katika sheria nyingine kabisa, ambayo haimhusu rubani bali huihusu ndege yenyewe.

Kanuni za Marekani zinazosimamia utengenezaji wa ndege kubwa za abiria, katika kifungu cha 25.777, zinamtaka mtengenezaji kupanga usukani, pedali na vifaa vingine ili viweze kusogezwa hadi mwisho bila kizuizi. Sharti hilo lazima litimie kwa rubani yeyote mwenye urefu wa kuanzia futi 5 na inchi 2 hadi futi 6 na inchi 3, akiwa ameketi na kufunga mikanda yake.

Kwa vipimo vya mita, hiyo ni kuanzia takriban sentimita 158 hadi sentimita 190. Kanuni za Ulaya zinafuata mkondo huo huo.

Ni muhimu kuielewa maana ya kifungu hicho. Hakisemi kwamba mtu wa sentimita 196 haruhusiwi kurusha ndege. Kinachosema ni kwamba mtengenezaji amebanwa kuhakikisha ndege inamfaa mtu wa hadi sentimita 190. Kwa anayezidi hapo, hakuna ahadi yoyote. Anaweza kuenea vizuri, na anaweza asienee. Hilo litajulikana tu atakapoketi.

Kwa maneno mengine, kijana wa sentimita 196 anaingia katika eneo ambalo sheria imenyamaza. Na pale sheria inaponyamaza, anayebaki na kauli ni mwajiri.

Ndani ya chumba cha marubani

Abiria wengi hudhani kwamba tatizo la mtu mrefu katika ndege ni kugonga kichwa mlangoni. Kwa rubani, hilo ni dogo kuliko yote. Matatizo ya kweli ni matatu: jicho, goti na mapaja.

Kuhusu jicho, kila ndege kubwa husanifiwa ikiwa na nukta maalumu ambapo macho ya rubani yanapaswa kuwa. Katika ndege za Airbus kuna vijitufe vitatu vidogo, vyeupe na chekundu, katikati ya vioo vya mbele. Rubani huinua au hushusha kiti mpaka kijitufe chekundu kikifunike cheupe. Hapo hujua kwamba macho yake yako mahali panapotakiwa.

Nukta hiyo humwezesha kuona vifaa vyote vilivyo mbele yake na wakati huo huo kuona njia ya kutulia kadiri inavyowezekana. Rubani akikaa chini mno, pua ya ndege humfunika sehemu ya njia. Katika ukungu mzito, ambapo taa chache tu za njia huonekana katika sekunde za mwisho, upungufu wa sentimita chache za jicho huweza kumnyima mita nyingi za njia.

Mtu mwenye kiwiliwili kirefu hukumbwa na kinyume chake. Hushusha kiti hadi mwisho, na bado macho yake hubaki juu ya nukta. Akiamua kuinamisha shingo ili apate mstari sahihi, atalazimika kufanya hivyo katika kila safari ya maisha yake ya kazi.

Kuhusu goti, pedali za miguuni ndizo zinazogeuza usukani wa mkia. Injini moja ikizimika wakati wa kuruka, ndege huvutwa kwa nguvu kuelekea upande wa injini iliyokufa, na rubani hutakiwa kukanyaga pedali kwa nguvu, pengine hadi mwisho. Pedali husogezwa mbele na nyuma ili kumfaa kila mtu. Lakini mwenye miguu mirefu sana anaweza kufika mwisho wa marekebisho hayo huku magoti yake yakiwa bado yamekunjwa chini ya paneli ya vifaa.

Kuhusu mapaja, ndege nyingi zina usukani uliosimama katikati ya miguu ya rubani. Wakati wa kutua katika upepo mkali wa ubavuni, usukani huo huhitaji kuzungushwa kwa kiasi kikubwa kushoto au kulia. Ukigota kwenye paja au goti, rubani amepungukiwa na uwezo wa kuiongoza ndege pale anapouhitaji zaidi.

Ndiyo maana watu wawili wenye kimo kimoja cha sentimita 195 wanaweza kupata majibu tofauti. Mmoja ana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na mwenzake ana kiwiliwili kirefu na miguu ya kawaida. Utepe wa kupimia ukutani hauwezi kuwatofautisha.

Ndege nazo hazilingani

Aina ya ndege nayo ina uzito wake katika mjadala huu. Boeing 737, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1967, ilirithi umbo la chumba cha marubani kutoka kwa Boeing 707 ya miaka ya 1950. Licha ya injini na vifaa vyake kubadilishwa mara nyingi, nafasi ya rubani imebaki ya enzi hizo, nayo ni finyu.

Airbus A320, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1987, iliuondoa usukani wa katikati na kuweka kijiti kidogo cha kuongozea pembeni mwa kiti. Tatizo la mapaja likatoweka. Airbus A220, ambazo Shirika la Ndege la Tanzania, ATCL, lilianza kuzipokea mwaka 2018, nazo zina kijiti cha pembeni.

Lakini ATCL hiyo hiyo ina ndege za Dash 8-Q400, Boeing 737 MAX na Boeing 787, ambazo zote zina usukani wa katikati. ATR za Precision Air zina usukani wa aina hiyo pia, sawa na Embraer 190 na Boeing za Kenya Airways. Katika eneo hili, rubani kijana hawezi kuchagua kurusha aina moja tu ya ndege. Hupangiwa pale penye nafasi, na kwa kawaida huanzia kwenye ndege ndogo.

Muda wa kukaa kitini nao usisahaulike. Safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways kutoka Nairobi kwenda New York, iliyoanzishwa Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15. Marubani hupokezana na kupumzika, lakini mgongo uliokunjwa kwa saa kadhaa mfululizo hauna budi kulalamika.

Mtihani wa kwanza ni ndege ya mafunzo

Kabla ya kuifikia Boeing, kijana hupita katika ndege ndogo za mafunzo. Katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, penye shule nyingi za urubani, na katika chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali, ndiko walikoanzia marubani wengi wa eneo hili.

Cessna 152, ndege ya viti viwili iliyotengenezwa kati ya mwaka 1977 na 1985, ni mfano mzuri wa kikwazo hicho. Chumba chake kina upana wa takriban mita moja tu, ambao mwanafunzi na mkufunzi hugawana bega kwa bega. Mwanafunzi mrefu hukuta magoti yake yakigusana na usukani hata kabla ya injini kuwashwa.

Kuna pia hesabu ya uzito. Ndege hiyo hairuhusiwi kuruka ikiwa na uzito unaozidi kilo 757. Ukiondoa uzito wa ndege yenyewe, hubakia takriban kilo 240 kwa ajili ya watu wawili, mafuta na mizigo. Mwanafunzi mrefu wa kilo 105 na mkufunzi wa kilo 85 huacha kilo 50 tu za mafuta.

Katika Uwanja wa Wilson, ulio karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, hali huwa ngumu zaidi kwa sababu hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini. Ndege inayopanda bila taabu Dar es Salaam huhitaji njia ndefu zaidi na subira zaidi Nairobi.

Suluhisho lililozoeleka ni kutumia Cessna 172 yenye viti vinne, ambayo ni pana na ina nguvu zaidi. Lakini saa yake ni ghali zaidi, kwani hula mafuta mengi. Kwa hiyo kijana mrefu hulipia kimo chake tangu darasa la kwanza la urubani.

Waajiri na mahakama

Baadhi ya mashirika ya ndege hujiwekea mipaka yao. Kwa miaka mingi Lufthansa ya Ujerumani iliwataka wanafunzi wake wa urubani wawe na urefu wa kati ya sentimita 165 na 198. Kiwango hicho chenyewe ni ushahidi kwamba mtu anayezidi sentimita 190 za kanuni ya usanifu anaweza kurusha ndege za abiria katika shirika kubwa.

Kiwango hicho kilifikishwa mahakamani, lakini si na mtu mrefu. Mwanamke mmoja aliyepungukiwa sentimita chache alilalamika kwamba mpaka wa chini uliwaengua wanawake wengi kuliko wanaume. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Kazi mjini Cologne ilikubali kwamba kanuni hiyo iliwabagua wanawake kwa njia isiyo ya moja kwa moja, ingawa haikumpa fidia. Shauri hilo lilimalizika kwa maelewano mwaka 2016.

Oktoba 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi unaofanana na huo kuhusu polisi wa Ugiriki, waliokuwa wakitaka kila mwombaji awe na angalau sentimita 170. Mahakama ilieleza kuwa mwajiri hawezi kujificha nyuma ya namba. Lazima aonyeshe kwamba namba hiyo inahitajika kweli kwa kazi yenyewe, na kwamba hakuna kipimo kingine kinachofaa zaidi.

Jeshi la Anga la Marekani nalo limepita njia hiyo. Kwa muda mrefu liliwataka marubani wake wawe na urefu wa sentimita 163 hadi 196 wakisimama, na sentimita 86 hadi 102 wakiketi. Mwaka 2020 liliondoa sharti la awali la kimo na kuanza kutegemea vipimo vya viungo vya kila mwombaji, vikilinganishwa na ndege anazotarajiwa kurusha.

Ikiwa jeshi, lenye ndege za kivita ambazo rubani wake huweza kurushwa nje pamoja na kiti chake wakati wa ajali, limeona kwamba kimo cha kusimama pekee ni kipimo kibovu, ni vigumu kwa shirika la abiria kudai kwamba hakuna njia nyingine.

Hii haina maana kwamba mipaka yote ni uonevu. Abiria 150 waliomo ndani ya ndege wana haki ya kuongozwa na rubani anayeweza kukanyaga pedali hadi mwisho. Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenye urefu wa sentimita 221 aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa ligi ya kikapu ya NBA mwaka 2009, alipata kazi ambayo kimo chake kilikuwa mtaji. Katika chumba cha marubani, kimo kama hicho kingekuwa kikwazo ambacho hakuna marekebisho ya kiti yangekiondoa.

Mjadala unawahusu walio katikati, yaani wa sentimita 191 hadi 200 na kitu. Hao ndio wanaoweza kufaa au kutofaa, na hao ndio wanaopotezewa fedha na muda kwa kukosa taarifa.

Kipi kifanyike

Hatua ya kwanza ni ya familia na haihitaji fedha nyingi. Kabla ya kulipa ada, kijana aombe kuketi katika ndege ile ile atakayofundishiwa, afunge mikanda, akanyage kila pedali hadi mwisho na kuzungusha usukani pande zote. Dakika kumi uwanjani zinaweza kuokoa kiwanja kisiuzwe bure.

Hatua ya pili ni kupata cheti cha afya cha daraja la kwanza kabla ya masomo kuanza. Shule makini za urubani huwashauri hivyo wanafunzi wote, na kwa kijana mrefu ushauri huo una uzito maradufu.

Hatua ya tatu ni ya shule zenyewe. Shule inayopokea ada ya mwanafunzi wa sentimita 197 bila kumketisha kwanza katika ndege inafanya biashara ya matumaini. Tahadhari kabla ya hatari iwe sehemu ya fomu ya maombi.

Hatua ya nne ni ya mashirika ya ndege na mamlaka zinazoyasimamia. Shirika lenye mpaka wa kimo liutangaze wazi, lieleze sababu yake, na litoe nafasi kwa mwombaji aliyezidi mpaka huo kupimwa katika kiti chenyewe au katika mashine ya mazoezi inayofanana na ndege. Mamlaka za usafiri wa anga za nchi za Afrika Mashariki, ambazo tayari hukagua shule na mashirika hayo, zina uwezo wa kulidai hilo bila kutunga sheria mpya ya bunge.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na vijana warefu wanaoutaka urubani wako tayari kuinama. Wanachostahili ni kuambiwa mapema, kabla fedha haijatoka, kama huko mvunguni kuna nafasi ya kuwatosha.